Mitihani ya mazoezi ya Hisabati ya KCSE

Mitihani ya mazoezi ya Hisabati ya KCSE ni mitihani ambayo wanafunzi wa kidato cha nne nchini Kenya hufanya ili kujiandaa kwa mtihani wa taifa wa Hisabati. Mtihani huo wa taifa ni sehemu ya Cheti cha Elimu ya Sekondari cha Kenya (kifupi: KCSE), unaosimamiwa na Baraza la Mitihani la Kitaifa la Kenya (kifupi: KNEC). Mtihani wa mazoezi unaofanywa na shule nyingi kwa pamoja huitwa mtihani wa majaribio au mtihani wa mwigo. Nchini Tanzania mtihani wa aina hiyo hujulikana kama mtihani wa utimilifu.

Karatasi za mazoezi ni nyingi kuliko muda wa mwanafunzi wa kuzifanya. Baadhi zimetungwa kwa uangalifu, nyingine zina makosa, hazifuati muundo wa mtihani wa taifa au zina maswali yaliyo nje ya silabasi. Kwa sababu hiyo, uteuzi wa karatasi ni sehemu ya maandalizi yenyewe. Karatasi nzuri si lazima iwe ngumu kuliko zote. Ni ile inayofanana na mtihani halisi na inayomwonyesha mwanafunzi wazi alama zake zimepotelea wapi.

## Mahali pa Hisabati katika KCSE

KNEC ilianzishwa mwaka 1980 kwa sheria ya bunge. KCSE ilifanyika mara ya kwanza mwaka 1989, wakati wanafunzi wa kwanza wa mfumo wa elimu wa 8-4-4 walipomaliza shule ya sekondari.

Hisabati ni somo la lazima kwa kila mtahiniwa. Kuanzia mtihani wa mwaka 2023, gredi ya wastani hupatikana kwa kuhesabu Hisabati, lugha moja na masomo mengine matano ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi. Kwa hiyo mtahiniwa anaweza kuacha nje ya hesabu somo lingine alilofanya vibaya, lakini hawezi kuiacha Hisabati. Gredi ya wastani inayohitajika ili kujiunga na chuo kikuu ni C+ (C ya kujumlisha). Aidha kozi nyingi za uhandisi, sayansi na biashara huweka gredi ya chini ya Hisabati ambayo mwombaji lazima awe nayo.

## Muundo wa mtihani wa taifa

Hisabati inayofanywa na watahiniwa walio wengi ni Chaguo A, yenye namba ya somo 121. Kuna pia Chaguo B, yenye namba 122, ambalo silabasi yake ni tofauti. Karatasi ya mazoezi iliyotungwa kwa ajili ya Chaguo B haimfai mtahiniwa wa Chaguo A.

Chaguo A lina karatasi mbili, 121/1 na 121/2. Kila karatasi hufanywa kwa saa mbili na nusu na ina alama 100, zilizogawanywa hivi:

* Sehemu ya I: maswali 16 mafupi, yote ya lazima, yenye jumla ya alama 50.
* Sehemu ya II: maswali 8 marefu ya alama 10 kila moja, mtahiniwa huchagua 5, na kupata jumla ya alama 50.

Dakika 150 kwa alama 100 ni sawa na dakika moja na nusu kwa kila alama. Swali la alama 3 lina takriban dakika nne na nusu, na swali la Sehemu ya II lina dakika 15 pamoja na muda wa kuhakiki.

Karatasi ya kwanza hupima zaidi kazi ya kidato cha kwanza na cha pili, kama vile hesabu za biashara, maeneo na ujazo, milinganyo ya mistari nyoofu, mwendo na takwimu za msingi. Karatasi ya pili hupima zaidi kazi ya kidato cha tatu na cha nne, kama vile uwezekano, mfuatano na mfululizo, jiometria ya pande tatu, latitudo na longitudo na kalkulasi. Mgawanyo huu si ukuta: maswali ya matriksi au kalkulasi huonekana pia katika karatasi ya kwanza, na karatasi ya pili haifanyiki bila ujuzi wa vidato vya chini.

Watahiniwa huruhusiwa kutumia majedwali ya hisabati ya KNEC na vikokotoo visivyo na sauti na visivyoweza kuwekewa programu, isipokuwa pale swali linapoagiza vinginevyo. Kwa mfano, swali linaweza kumtaka mtahiniwa akokotoe kwa kutumia logarithimu, na hapo hatua za logarithimu lazima zionekane. Majibu huandikwa ndani ya karatasi yenyewe, katika nafasi iliyoachwa chini ya kila swali.

## Aina za karatasi za mazoezi

### Karatasi za miaka iliyopita

Hizi ni karatasi za KNEC zenyewe. Zimepitia mikono ya watungaji na wahakiki wa baraza, hivyo lugha yake, urefu wa maswali na kiwango cha ugumu ndivyo vilivyo karibu zaidi na mtihani ujao. Hata hivyo idadi yake ni ndogo: kila mwaka huongeza karatasi mbili tu.

Umri wa karatasi pia una maana. Silabasi iliyorekebishwa mwaka 2002 ilianza kutahiniwa mwaka 2006. Karatasi nyingi za kabla ya hapo zilikuwa na Sehemu ya I ya alama 52 na Sehemu ya II ya alama 48, ambapo mtahiniwa alijibu maswali sita ya alama 8 kila moja. Maswali yake bado yanafaa kwa mazoezi ya mada moja moja, lakini karatasi nzima haifai kupima mwendo wa mtahiniwa wa sasa.

### Mitihani ya majaribio ya pamoja

Mitihani hii hutungwa na walimu wa kaunti, kaunti ndogo au kundi la shule, na mara nyingi hufanywa muhula wa pili. Faida yake kubwa ni mazingira: wanafunzi hukaa kwa nafasi, hupewa muda kamili na karatasi zao husahihishwa na walimu wasiowafundisha. Ubora wake hutofautiana kwa kadiri ya watungaji. Jopo lenye walimu waliowahi kusahihisha KCSE kwa kawaida hutoa karatasi iliyo karibu na ile ya KNEC.

### Mitihani ya shule

Mwalimu wa somo huitunga kulingana na mada alizokwisha kufundisha. Inafaa sana kabla silabasi haijamalizika, kwa kuwa haimpimi mwanafunzi kwa jambo ambalo hajafundishwa.

### Vitabu vya marudio na karatasi za kibiashara

Wachapishaji na wauzaji wa intaneti huuza seti za karatasi pamoja na majibu. Nyingine ni kazi nzuri ya walimu wazoefu. Nyingine ni maswali ya zamani yaliyokusanywa na kupewa jalada jipya, wakati mwingine swali lilelile likirudiwa katika karatasi mbili au tatu. Jina la shule maarufu juu ya karatasi si uthibitisho kwamba shule hiyo ndiyo iliyoitunga.

## Vigezo vya uteuzi

### Muundo

Ukaguzi wa kwanza huchukua dakika chache na hauhitaji kufanya swali lolote. Sehemu ya I inapaswa kuwa na maswali 16 ambayo alama zake zikijumlishwa hutoa 50, na Sehemu ya II iwe na maswali 8 ya alama 10. Karatasi yenye maswali matano tu katika Sehemu ya II humnyima mwanafunzi zoezi la kuchagua. Kuchagua ni ujuzi wa mtihani: mtahiniwa anayeingia katika swali refu na kuliacha katikati hupoteza muda ambao ungetosha kumaliza swali lingine.

Kila swali pia liwe na alama zilizogawanywa kwa vipengele. Swali la alama 10 lisiloonyesha kipengele (a) kina alama ngapi na kipengele (b) ngapi halimwelezi mwanafunzi afanye kazi kiasi gani.

### Silabasi

Karatasi kamili inapaswa kusambaza maswali katika mada nyingi. Njia rahisi ya kuikagua ni kuandika mada ya kila swali kando yake. Ikionekana kwamba maswali manne ya Sehemu ya II yanatoka katika mada moja, karatasi hiyo ni zoezi la mada, si mtihani wa kujipima. Maswali yaliyochukuliwa kutoka mitaala ya nchi nyingine, kwa mfano yenye namba changamano, hayamo katika silabasi ya KCSE na yanaweza kumtia mwanafunzi wasiwasi bila sababu.

### Kiwango cha ugumu

Mtihani wa KCSE una maswali mepesi, ya wastani na magumu, kwa sababu kazi yake ni kutofautisha watahiniwa wa viwango vyote. Baadhi ya mitihani ya majaribio hutungwa kwa ugumu wa makusudi ili kuwaamsha wanafunzi. Karatasi ya namna hiyo inaweza kumfaa mwanafunzi anayepata alama za juu tayari. Kwa mwanafunzi anayepata alama 30 kati ya 100 ina madhara mawili: haimpi nafasi ya kuimarisha maswali mepesi ambayo ndiyo yangempandisha, na humfanya aamini kwamba hakuna analojua.

Karatasi nyepesi mno nayo hudanganya, kwa kuwa mwanafunzi huacha kurudia mada ambazo bado hajazishika.

### Mwongozo wa kusahihisha

Karatasi bila mwongozo wa kusahihisha ni nusu ya karatasi. Miongozo ya KCSE hugawa alama kwa herufi: M ni alama ya njia, A ni alama ya usahihi wa jibu inayotegemea njia, na B ni alama inayojitegemea.

Kwa mfano, swali la alama 3 linaweza kusema kwamba cherehani huuzwa kwa shilingi 30,000 taslimu, au kwa malipo ya awali ya shilingi 6,000 na awamu 12 za shilingi 2,500 kila mwezi. Mtahiniwa atafute ni asilimia ngapi ya bei taslimu ambayo mnunuzi wa awamu hulipa zaidi. Mwongozo unaweza kuwa hivi:

* M1: 6,000 + 12 × 2,500
* M1: (36,000 − 30,000) ÷ 30,000 × 100
* A1: 20%

Mwanafunzi aliyeandika hatua zote lakini akakosea kuzidisha na kupata jumla ya 38,000 atafikia jibu la takriban 26.7%. Jibu si sahihi, lakini njia ni sahihi, hivyo anapata alama 2 kati ya 3. Mwanafunzi mwingine aliyefanya kosa hilohilo kwenye kikokotoo na kuandika jibu tu hapati kitu. Kitabu kinachotoa jibu la mwisho peke yake, yaani "20%", hakiwezi kuwaonyesha wanafunzi hawa wawili tofauti iliyopo kati yao. Mwongozo unaoonyesha hatua humfundisha mwanafunzi kile kinacholipwa alama.

### Usahihi

Makosa ya uchapaji na ya utungaji ni ya kawaida katika karatasi zisizohakikiwa. Baadhi huonekana kwa ukaguzi mdogo. Swali likitaja pembetatu yenye pande za sentimita 5, 7 na 13 na kutaka eneo lake, pembetatu hiyo haipo, kwa kuwa 5 + 7 ni pungufu ya 13. Anayetumia kanuni ya Hero atakuta namba hasi ndani ya kipeuo cha pili. Vivyo hivyo jumla ya uwezekano wa matokeo yote ikizidi 1, au jedwali la takwimu likiwa na idadi isiyolingana na jumla iliyotajwa, swali lina kasoro.

Karatasi yenye kosa moja inaweza kutumika baada ya mwalimu kulirekebisha. Ikiwa makosa ni matatu au manne, ni afadhali iachwe. Hasara yake si alama tu, kwani mwanafunzi hutumia nusu saa akitafuta kosa lake mahali ambapo kosa si lake.

### Lugha ya maagizo

Mtihani wa taifa wa Hisabati huandikwa kwa Kiingereza, na maneno ya maagizo yana maana maalumu. Kwa mfano, agizo linalomtaka mtahiniwa atumie jibu la kipengele kilichotangulia humfunga kwenye njia hiyo. Anayeanza upya kwa njia nyingine anaweza kupoteza alama hata kama jibu lake ni sahihi. Karatasi nzuri ya mazoezi hutumia maagizo hayo kama KNEC inavyoyatumia.

## Mpangilio wa matumizi

Karatasi za KNEC za miaka ya karibuni zikitumiwa mapema mno, kabla mwanafunzi hajamaliza silabasi, huisha bila kupima chochote. Akizirudia baadaye, tayari anakumbuka majibu. Kwa hiyo mpangilio unaofaa ni huu:

# Mazoezi ya mada moja moja, yakiwemo maswali kutoka karatasi za zamani, bila kikomo cha muda.
# Karatasi za shule na za majaribio zilizochujwa kwa vigezo vilivyotajwa, kwa muda kamili.
# Karatasi za KNEC za miaka ya karibuni, kwa muda kamili na masharti yote ya mtihani, katika wiki za mwisho.

Kufanya karatasi mbili za seti moja huchukua saa tano. Kusahihisha na kurudia maswali yaliyoshindikana kunaweza kuchukua muda uleule tena. Mwanafunzi anayefanya seti moja kwa wiki kwa wiki sita atakuwa amefanya karatasi 12, yaani saa 30 za mtihani peke yake, huku akiwa na masomo mengine ya kusoma. Ndiyo maana rundo la karatasi 50 si mpango. Karatasi chache zilizosahihishwa kwa makini hufaa zaidi.

Baada ya kusahihisha, makosa yanaweza kuandikwa katika daftari kwa makundi matatu: kutojua mada, kukosea hesabu, na kukosa muda. Kila kundi lina tiba yake. Asiyejua mada arudi kwenye kitabu cha kiada. Anayekosea hesabu ajizoeze kuandika hatua na kuhakiki. Anayekosa muda abadilishe mpangilio wa maswali. Karatasi inayofuata huchaguliwa kulingana na kundi lililojaa zaidi.

KNEC huchapisha pia ripoti za mitihani ya KCSE, zinazoeleza maswali yaliyowashinda watahiniwa wengi na makosa waliyofanya. Shule isiyo na uwezo wa kununua karatasi nyingi inaweza kupata faida kubwa kutoka ripoti hizi, kwa kuwa nakala moja katika maktaba huwatosha wanafunzi wengi wakiisoma kwa makundi.

## Kutafsiri matokeo

Alama ya mtihani wa majaribio haitabiri gredi ya KCSE moja kwa moja. Shule nyingi hutumia kipimo kisichobadilika, kwa mfano 80 kwenda juu kuwa A, lakini KNEC hupanga mipaka ya gredi kwa kila somo na kila mwaka. Alama 55 katika karatasi ngumu ya majaribio na alama 55 katika karatasi nyepesi ni vitu viwili tofauti.

Ulinganisho wenye maana ni wa mwanafunzi na nafsi yake katika karatasi zinazofanana: je, Sehemu ya I imepanda, je, maswali matano ya Sehemu ya II sasa yanamalizika kwa wakati. Kulinganisha shule mbili zilizofanya karatasi tofauti hakuna msingi.

## Karatasi za kubahatisha na udanganyifu

Mtihani unapokaribia huibuka karatasi zinazouzwa kwa madai kwamba zimetabiri maswali ya KNEC au zimetoka ndani ya baraza. Matokeo ya watahiniwa 5,101 wa KCSE ya mwaka 2015 yalifutwa kwa sababu ya udanganyifu, na mwezi Machi 2016 waziri wa elimu Fred Matiang'i alivunja bodi ya KNEC. Tangu hapo usimamizi wa karatasi umekazwa.

Anayenunua karatasi ya aina hiyo hupoteza kwa njia yoyote. Ikiwa ni ya uongo, ametumia fedha na usiku wa mwisho kukariri maswali yasiyokuja. Ikiwa ni ya kweli, kuwa nayo ni kosa la jinai na matokeo yake yanaweza kufutwa. Mtihani halali wa mazoezi haudai kuwa na maswali ya mwaka huu. Huandaa mwanafunzi kwa swali lolote la silabasi.

## Mabadiliko ya mfumo wa elimu

Mtihani wa mwisho wa darasa la nane, KCPE, ulifanyika mwaka 2023. Watahiniwa wake waliingia kidato cha kwanza mwaka 2024, nao ndio kundi la mwisho la 8-4-4, linalopangiwa kufanya KCSE mwaka 2027. Nyuma yao wanakuja wanafunzi wa mtaala wa umilisi, ambao katika shule ya upili ya juu wana somo la Hisabati lenye silabasi tofauti.

Kwa wanafunzi hao, karatasi za 121/1 na 121/2 zitakuwa katika hali ileile ya karatasi za kabla ya 2006: ghala la maswali ya mada moja moja, si kipimo cha mtihani mzima. Kwa kuwa mwanzoni hakutakuwa na karatasi za miaka iliyopita za muundo mpya, karatasi za mfano zinazotolewa na KNEC na zile zinazotungwa na walimu ndizo zitakazobeba uzito, na kuzikagua kabla ya kuzitumia kutahitajika zaidi kuliko sasa.